Skauti na Farasi Waliookolewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyaokota kwa wazazi wanaoleta watoto, kwa skauti wenyewe, na kwa viongozi wa makundi mengine wanaotaka kuanza kazi kama ya kundi letu la skauti: kuhudumia farasi waliookolewa na kupata beji kwa kazi hiyo. Yameanza na yale ya msingi, na mwishoni kuna yale yanayozuka kazi ikishakolea. Kila kituo cha farasi kina kanuni zake. Zikigongana na tuliyoandika hapa, fuata za kituo.

## Mambo ya kuanzia

Farasi waliookolewa ni farasi gani hasa?

Ni farasi waliotolewa mahali ambapo walikuwa hawatunzwi tena. Wapo walionyang'anywa wenyewe kwa amri ya mahakama kwa sababu ya njaa au kipigo. Wapo waliosalimishwa kwa hiari: mwenye farasi kafariki, kaugua, au kapoteza kazi na chakula cha mnyama kikamshinda. Na wapo wastaafu, waliokimbia kwenye mashindano au kuvuta mikokoteni hadi siku miguu ilipogoma. Farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, lakini wa mashindano huenda akastaafishwa hata hajatimiza 10. Hiyo miaka mingine yote lazima mtu aigharamie, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Jambo moja la kuwaambia watoto mapema: si kila farasi wa kituoni aliteswa na mtu katili. Watoto hupenda hadithi iwe na mtu mbaya. Lakini huenda siku moja wakakutana getini na mzee aliyekuja kumsalimia farasi aliyemlea miaka 18 akashindwa kumlisha, na tusingependa amsikie mtoto wa kundi letu akimwita mtesaji.

Mtoto wangu atapanda farasi?

Hapana. Tunalisema hili kabla ya kutoa fomu, kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba kupanda kutakuja baadaye mtoto akishazoea. Hakuji. Farasi wengi wa kituoni hawawezi kubeba mtu: mgongo hauna nyama ya kukalia tandiko, miguu ni mibovu, au hakuna anayejua alifundishwa nini na alitendewa nini huko alikotoka. Hata yule mzima wa afya anaandaliwa na mtu mmoja mzoefu, si watoto 14 kwa zamu.

Kama kupanda ndiko anakokutaka mwanao, shule ya kupanda farasi itamfaa zaidi, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Basi wanafanya nini huko?

Wanazoa mavi. Farasi wa kilo 500 hutoa takriban kilo 20 za kinyesi na mkojo kwa siku, na kituo chenye farasi 12 hakipumziki. Baada ya toroli na reki zinakuja ndoo: kuzimwaga, kuzisugua utelezi wa kijani ulioganda pembeni, na kuzijaza maji safi. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 45 kwa siku kutegemea joto na chakula. Kisha kufagia, kujaza nyavu za nyasi kavu, na kukagua uzio kama kuna msumari uliochomoza au kamba iliyolegea. Kupiga farasi brashi na kumtembeza kwa kamba huja baadaye, na hupewa wale ambao wahudumu wameridhika nao.

Lazima awe anajua farasi?

La. Asiyejua kitu ni rahisi kumfundisha kuliko aliyejifunzia kwenye filamu.

Umri unaoruhusiwa ni upi?

Kituo ndicho kinachoamua, mara nyingi kwa kuangalia bima yake. Sisi kwa upande wetu hatumwingizi mtoto wa chini ya miaka 10 ndani ya uzio mmoja na farasi. Wadogo wana kazi zao nje: ndoo, kufagia, kuandika vibao vya majina, na ile kazi ya kukaa kwenye ndoo inayoelezwa kwenye sehemu ya farasi wenyewe.

## Usalama

Avae nini?

Viatu vilivyofunika mguu wote, vya ngozi au buti imara. Ndala na viatu vyepesi vya michezo haviingii. Suruali ndefu. Nywele zifungwe. Hereni zinazoning'inia, skafu na kamba za kofia zibaki nyumbani, kwa sababu farasi huvuta kwa meno kila kinachoning'inia. Glavu huvaliwa wakati wa kuongoza farasi, maana kamba ikivutwa ghafla huchuna kiganja.

Kofia ngumu iwe ile ya kupandia farasi. Ya baiskeli haikutengenezwa kwa ajili ya kwato. Ikishapigwa au kuanguka kwa nguvu mahali pagumu, ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Farasi anauma? Anapiga teke?

Anaweza kufanya yote mawili, na karibu kila mara ametangulia kuonya. Kazi yetu ni kuwafundisha watoto kulisoma onyo hilo. Masikio yaliyolala nyuma kabisa, mkia unaochapa bila kuwa na nzi, mguu wa nyuma ulioinuliwa kidogo, makalio yanayogeuzwa kukuelekea: hizo zote maana yake ni moja, ondoka.

Mengine yanatokana na macho yake. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, takriban nyuzi 350. Lakini kuna sehemu mbili asizoziona: nyuma yake moja kwa moja, na mbele karibu kabisa na paji la uso. Mtoto anayemjia kwa nyuma kimya kimya humtokea kama mzimu, na farasi, ambaye kwa asili ni mnyama wa kuwindwa, hapotezi muda kuuliza. Kwa hiyo tunamjia kwa upande, penye bega, huku tukizungumza. Sauti ya kawaida inatosha, wala si lazima iwe na maneno ya maana. Skauti wetu mmoja humsomea farasi jedwali la kuzidisha.

Ukilazimika kupita nyuma yake, chagua moja: pita karibu kabisa mkono ukiwa mgongoni mwake ili ajue uko wapi, au pita mbali kabisa. Masafa ya kati, kama mita moja na nusu hivi, ndipo teke linapokuwa na nguvu zake zote.

Kanuni mbili hatuzifanyii mzaha. Kamba ya kuongozea haizungushwi mkononi kamwe. Hukunjwa na kushikwa katikati, ili farasi akikurupuka uweze kuiachia. Na hakuna kupiga magoti wala kukaa chini kando yake. Chuchumaa, ili uweze kuruka.

Nani anawasimamia?

Watu wazima wawili wa kundi kila mara, pamoja na mhudumu wa kituo. Mtu mzima mmoja habaki peke yake na mtoto mmoja mahali palipojificha, iwe bandani, stoo ya nyasi au ndani ya gari. Kanuni hii haitokani na shaka juu ya mtu yeyote, na haina msamaha kwa yeyote, hata akiwa mkuu wa kituo. Mmoja wa wawili hao akiugua asubuhi na tusipate wa kuziba pengo, safari inaahirishwa.

Kuna magonjwa anayoweza kuambukizwa?

Choa ndicho kinachojitokeza zaidi: mabaka ya duara ngozini, yanayohama kutoka kwa farasi hadi kwa mtu kupitia brashi na mikono. Pepopunda ni jambo zito zaidi. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama na huingia kupitia jeraha, kwa hiyo hakikisha chanjo ya mwanao haijapitwa na wakati. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, na chakula hakiliwi bandani.

Upande wa pili husahaulika: watoto pia wanaweza kupeleka ugonjwa kwa farasi. Upo ugonjwa wa bakteria unaovimbisha tezi chini ya taya ya farasi hadi zinapasuka usaha. Husafiri kwenye ndoo, kamba, viatu na mikono. Ndiyo maana farasi mgeni hutengwa kwa wiki kadhaa, na aliyegusa farasi aliyetengwa haendi kwa wengine siku hiyo. Mtoto wako akiwa anafundishwa kupanda mahali pengine, aje na viatu tofauti.

Mwanangu ana pumu. Aje?

Vumbi la nyasi kavu ni adui wa pumu. Zungumza na daktari wake kwanza. Akiruhusiwa, dawa yake ya kuvuta ikae kwa kiongozi, isiachwe kwenye begi garini, naye tutampangia kazi za nje, mbali na stoo.

## Farasi wenyewe

Farasi ni mifupa mitupu. Mbona anapewa chakula kidogo?

Hili huulizwa na kila mtoto, na wengi huuliza kwa hasira. Jibu lake ni refu, ila ni afadhali walijue kuliko kuambiwa "usiulize".

Mwili wa farasi aliyekaa na njaa muda mrefu umekwisha kula mafuta yake na kuanza kula misuli. Umejifunza kuendesha mambo kwa kidogo. Ukimjazia nafaka ghafla, sukari hupanda kwenye damu na insulini hutoka kwa wingi. Insulini huisukuma sukari iingie kwenye seli, na pamoja nayo hufuata fosforasi, magnesi na potasiamu. Madini haya yalikuwa machache tangu mwanzo, na sasa damu inabaki nayo kidogo mno. Moyo na misuli ya kupumua haifanyi kazi bila madini hayo. Farasi aliyestahimili njaa kwa miezi anaweza kufa siku chache baada ya kushiba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha vyakula mbalimbali kwa farasi wa namna hii, na kilichoonekana kufaa zaidi ni majani makavu ya alfalfa: yana wanga kidogo, protini nyingi, na madini yale yale yanayopungua. Hupewa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kiasi huongezwa polepole kwa muda wa siku 10 hivi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Kurudi kwenye uzito wa kawaida huchukua miezi 6 hadi 10.

Mwaka wetu wa kwanza hatukulieleza hili vizuri. Mvulana mmoja, mpole kuliko wote, alikutwa kando ya kizimba cha farasi aliyefika wiki ile, mifuko yake ya koti imejaa punje alizochota kwenye pipa la farasi wengine. Mhudumu hakumgombeza. Alipiga magoti mbele yake, akashika mfuko mmoja, akamwambia, "Mwanangu, najua. Na mimi natamani. Lakini hizi zingemuua." Mvulana akazimimina zote kwenye kiganja cha yule mama, punje kwa punje. Tangu siku hiyo mifuko ya kila mtu hukaguliwa getini, ya viongozi ikiwamo.

Alama ya 1 hadi 9 iliyoandikwa kwenye kibao cha kizimba ni nini?

Ni kipimo cha unene wa farasi kilichotengenezwa na Don Henneke na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, kikachapishwa mwaka 1983. Alama 1 ni farasi aliyekwisha kabisa, 9 ni aliyenenepa kupita kiasi, na wengi hukusudiwa wawe karibu na 5. Unamkagua sehemu sita: shingo, mwinuko wa mabega, nyuma ya bega, mbavu, kiuno, na mzizi wa mkia.

Kinachotufurahisha ni kwamba kipimo hiki ni cha mikono zaidi kuliko macho. Manyoya mazito huficha mbavu, na tumbo lililojaa minyoo humfanya farasi aliyekonda aonekane kashiba. Skauti akishajifunza kupapasa, huandika alama yake mwenyewe kabla ya kuambiwa ya mhudumu, halafu wanalinganisha. Mwezi wa kwanza wanapishana sana. Kufikia wa nne wanapishana nusu alama.

Naweza kuleta karoti au matufaha?

Kabidhi kwa mhudumu, naye ataamua nani apewe. Huwekwa kwenye ndoo, si mkononi, kwa sababu farasi anayelishwa mkononi hujifunza kutafuta vidole. Karoti hukatwa kwa urefu ili isimkwame kooni. Kwa farasi waliokonda, rudi kwenye swali la chakula kidogo.

Mbona mwanangu amekaa tu kwenye ndoo akisoma kitabu?

Anafanya kazi, na ni mojawapo ya kazi zetu ngumu.

Farasi aliyepigwa huona kila mtu anayemjia kuwa anakuja kufanya kitu: kufunga, kuchoma sindano, kuvuta. Mtu anayekaa tu, hamtazami machoni, hanyooshi mkono, na kila wiki anarudi palepale, hamwelewi. Hapo ndipo udadisi unapoanza. Kwa hiyo mtoto hugeuza ndoo, hukaa nje ya kizimba, na kusoma kwa sauti ya kawaida. Hakuna kuita, hakuna kushawishi kwa chakula.

Msichana wetu wa miaka 11 alimsomea jike mmoja wa kahawia kitabu chake cha jiografia. Wiki tatu farasi alisimama kona ya mwisho, makalio nje. Wiki ya nne aligeuka. Ya sita, msichana akiwa katikati ya aya ya mito na mabonde, pumzi ya moto ilishuka juu ya ukurasa na unyevu ukakunja karatasi. Aliendelea kusoma. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuinua kichwa, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Farasi anajiviringisha chini. Ni mchezo au ni ugonjwa?

Farasi hujiviringisha kwa raha pia. Wa raha huinuka, hujikung'uta vumbi, na kwenda zake kula. Wa maumivu ya tumbo huinuka na kulala tena, hugeuka kutazama ubavu wake, huparua ardhi kwa kwato, hutoka jasho bila kazi, na hana hamu ya kula. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichokwama tumboni hakina njia ya kurudi. Tumbo ni mojawapo ya mambo yanayoua farasi zaidi.

Mtoto asiingie, asimpe chochote. Atembee haraka, asikimbie, akamwite mhudumu. Skauti wakubwa waliofundishwa wanaweza kusaidia kuhesabu wakati daktari yuko njiani: farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto takriban 37.5 hadi 38.5.

Watoto husafisha kwato?

Wakubwa tu, baada ya mafunzo, na kwa farasi waliozoea kuinuliwa mguu. Chuma cha kuchokonolea huelekezwa kutoka kisigino kwenda mbele, bila kukwaruza ile pembetatu laini ya katikati. Kukata kwato ni kazi ya fundi wa kwato, kila wiki 6 hadi 8. Kwato zilizoachwa hadi zikapinda hazinyooshwi kwa siku moja.

## Beji

Ni beji gani anazoweza kupata?

Inategemea chama chenu. Vyama vingi vya skauti na vya wasichana vina beji ya kutunza wanyama, ya huduma kwa jamii, ya huduma ya kwanza, na baadhi vina ya farasi moja kwa moja. Hilo si ajabu: Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, kabla ya kambi yake ya kwanza ya mwaka 1907, alikuwa mkaguzi mkuu wa askari wapanda farasi wa Uingereza.

Beji ambazo watu huzisahau ni za mazingira. Lundo la samadi likipinduliwa na kupimwa joto vizuri hugeuka mboji, na kuna skauti waliopata beji bila kumgusa farasi hata mmoja.

Kuna beji inayodai kupanda. Tufanyeje?

Kwa mfano, beji ya farasi ya skauti wa Marekani, ambayo ipo tangu mwaka 1911, humtaka mtoto apande. Kituoni anaweza kukamilisha sehemu za viungo vya mwili, usafi, ulishaji na magonjwa, halafu sehemu ya kupanda akaifanyie kwa mwalimu mwenye farasi wa kufundishia. Tusiombe kituo kilegeze kanuni "mara moja tu, ya beji". Tumewahi kuomba, na tuliaibika.

Inachukua muda gani?

Kwetu si chini ya miezi mitatu ya kuja bila kukatiza. Anayekuja siku moja kwa saa nane hapati, anayekuja saa moja na nusu kila wiki anapata. Farasi humzoea anayerudi.

Saa zinahesabiwaje, na nani anasaini?

Saa huanza mtoto anaposhika kifaa, si anapopanda gari. Mhudumu wa kituo ndiye anayesaini. Mzazi hasaini, hata kama ni kiongozi wa kundi, na hasa kama ni kiongozi wa kundi.

Lakini saa peke yake hazitushawishi. Tunasoma daftari. Hizi ni kumbukumbu mbili za siku moja. Ya kwanza: "Nilisaidia farasi. Saa 2." Ya pili: "Nimezoa vizimba 4. Nimeosha ndoo 9. Ndoo ya kizimba cha 6 imejaa vilevile kama nilivyoiacha jana, nikamwambia mhudumu." Farasi wa kizimba cha 6 alikuwa hanywi kwa sababu ya jino bovu, na hakuna mtu mwingine aliyegundua. Aliyeandika ile ya kwanza tulimrudishia daftari na kumwomba aongeze alichokiona.

Mwanangu anaogopa farasi. Anaweza kupata beji?

Ndiyo. Na tunapenda kuwa na mwoga mmoja au wawili, kwa sababu wao ndio wanaokumbuka kufunga geti.

Anataka kufanya mradi wa tuzo ya juu. Afanye nini?

Aanze kwa kuuliza kituo kinahitaji nini. Watoto hupenda kuchora picha kubwa ukutani. Kituo kinataka komeo la geti lisilofunguliwa kwa midomo ya farasi. Baadhi ya tuzo hudai kazi nyingi, kama ile ya dhahabu ya Girl Scouts ya Marekani inayopendekeza saa 80, na muda huo ni mwingi mno kuupoteza kwenye kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Sisi humwuliza mtoto swali moja: ukishahamia sekondari, nani ataendelea nacho?

## Yasiyo ya kawaida

Kwa nini farasi wengine hawaruhusiwi kupigwa picha?

Kwa sababu ni ushahidi. Farasi aliyenyang'anywa mtu kwa kosa la ukatili hubaki katikati ya kesi hadi hukumu itoke, na picha ya mtoto ikionyesha mahali alipo inaweza kuharibu kesi au kumwelekeza mwenyewe mlangoni. Vizimba hivyo vina alama. Kwa farasi wengine, piga picha baada ya kuruhusiwa, na usiweke uso wa mtoto wa mwenzio mtandaoni.

Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Anakaribishwa?

Anakaribishwa, ila tuje kwanza tukakague njia pamoja: kokoto, miteremko, upana wa milango. Farasi aonyeshwe kiti kikiwa mbali, kisha kisogezwe polepole, kwa sababu magurudumu yanayong'aa na kugeuka ghafla ni kitu kigeni kwake. Kwa kuwa mtu aliyekaa hawezi kuruka kando haraka, kazi na farasi hufanyika uzio ukiwa katikati.

Farasi kamkanyaga mtoto mguu, naye anasema hajaumia.

Kiatu kivuliwe, soksi ivuliwe, mguu utazamwe na mtu mzima. Watoto huficha maumivu wakihofia kukatazwa kurudi. Tukio liandikwe, mzazi aarifiwe siku hiyohiyo, na asipoweza kukanyagia au uvimbe ukiongezeka, aende hospitali.

Farasi wetu amepata makazi mapya na mtoto analia.

Mwache alie. Kisha mwombe amwandikie mwenye farasi mpya ukurasa mmoja wa mambo aliyoyaona: anapenda kukunwa wapi, anaogopa nini, sikio gani hataki liguswe. Kurasa hizi ni kazi ya kweli, na vituo huzipokea kwa furaha.

Na akifa?

Hutokea. Wengine hufika wakiwa wamechelewa, na wakati mwingine daktari wa mifugo huamua kuyamaliza maumivu yake kwa sindano. Tunawaambia watoto siku hiyohiyo, kwa neno "amekufa". Hatusemi "amelala" wala "amehamishwa". Wazazi hupigiwa simu kabla, ili atakayependa kumwambia mwanawe mwenyewe afanye hivyo. Mtoto aliyekuwa akimhudumia anaulizwa kama angependa kusafisha kizimba yeye mwenyewe au amwachie mwingine. Wengi wametaka kukisafisha wenyewe.

Tunaweza kumchukua mmoja nyumbani?

Swali hilo ni la kituo, nacho kitawauliza mengi: eneo, maji, daktari, fundi wa kwato, na nani atabaki naye mkisafiri. Kitauliza pia kama kuna farasi mwenzake, maana ni mnyama wa kundi na huteseka sana akiishi peke yake. Mtoto wa miaka 12 anayemtaka farasi wa miaka 10 aambiwe wazi kwamba huenda akawa naye hadi yeye mwenyewe atakapotimiza miaka 30.

Kituo kimetuambia tusije kwa wiki tatu. Tumekosea nini?

Pengine hamjakosea chochote. Mara nyingi ni karantini, kama ilivyoelezwa kwenye swali la magonjwa. Msiende hata kusimama nje ya uzio. Fueni nguo, sugueni viatu hadi kwenye nyayo, na brashi za kundi zilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kisha zikaushwe juani. Mtoto mwenye ndoo na kitabu ajirekodi akisoma na sauti hiyo mtumieni mhudumu. Mhudumu wetu mmoja aliicheza kwenye simu kila jioni wakati wa kugawa nyasi.